Pumzi ya Mtoto Huhesabiwa, Haikisiwi

Nikikuuliza leo mtoto wako ana umri gani, utanijibu mara moja. Nikikuuliza ana kilo ngapi, utatafuta kadi yake ya kliniki na kunisomea. Lakini nikikuuliza mtoto huyo huvuta pumzi mara ngapi katika dakika moja, yaelekea utanyamaza. Wazazi wengi hatujapata kuhesabu. Twamwona mtoto anapumua, twashukuru, kisha twaendelea na kazi zetu.

Walakini hesabu hiyo ndogo ni miongoni mwa dalili za kwanza zinazoonyesha kwamba mtoto ameshikwa na homa ya mapafu, ambayo wengine huiita nimonia au kichomi. Ugonjwa huu si wa kuchezea. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, katika mwaka 2019 uliua watoto 740,180 wenye umri wa chini ya miaka mitano duniani pote. Maana yake, katika kila watoto 100 wa umri huo waliokufa mwaka ule, 14 walikufa kwa ugonjwa huu mmoja. Na jambo la kusikitisha ni kwamba dawa ipo, wala si dawa ya ajabu. Watoto wengi wenye nimonia isiyo kali, ile inayoletwa na bakteria, huponywa kwa vidonge vya amoksilini vya siku chache tu. Basi kwa nini wanakufa? Sababu ni nyingi, lakini moja iliyo kubwa ni kwamba ugonjwa hutambuliwa umechelewa.

Kwa ajili hiyo madaktari na mafundi wa nchi mbalimbali wanatengeneza stetoskopu za namna mpya, ambazo ndani yake mna vihisi, yaani vifaa vidogo vinavyohisi sauti au mtikisiko na kuugeuza kuwa umeme. Chombo kama hicho huweza kusikiliza kifua na papo hapo kuhesabu pumzi. Nataka leo tukitazame pamoja: kimetoka wapi, kinafanyaje kazi, na kimeacha kazi gani kwako wewe mzazi.

KARATASI ILIYOVIRINGWA

Stetoskopu ni kile chombo cha kusikilizia ambacho daktari hukivaa shingoni. Ilizaliwa mwaka 1816 katika mji wa Paris, Ufaransa. Kabla ya hapo, daktari aliyetaka kusikia mambo ya kifua aliweka sikio lake juu ya mwili wa mgonjwa. Mwaka ule daktari mmoja, jina lake René Laennec, aliletewa mwanamke kijana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Mgonjwa alikuwa mnene, na tena haikuwa adabu kwa mwanamume kuweka sikio kifuani pake. Ndipo Laennec alipokumbuka kwamba ukikwaruza ncha moja ya boriti kwa pini, mtu aliyetega sikio kwenye ncha ya pili husikia mkwaruzo ule vizuri sana. Akatwaa karatasi, akaiviringa ikawa kama mwanzi, akaweka upande mmoja kifuani mwa mgonjwa na upande wa pili sikioni pake. Akashangaa kusikia moyo ukipiga kwa sauti iliyo wazi kuliko alivyozoea kuisikia kwa sikio tupu.

Baadaye alitengeneza mwanzi wa mti, na mwaka 1819 akatoa kitabu kikubwa cha kueleza sauti alizosikia. Wakunga wetu wanaye ndugu wa mwanzi ule mpaka leo: ni kile kipembe wanachokiweka tumboni mwa mama mja mzito wapate kusikia moyo wa mtoto. Stetoskopu ya mipira ya masikio mawili ilikuja baadaye, katika miaka ya 1850.

Laennec aliyasikiliza mapafu kwa makini sana. Sauti moja ya mapafu yenye ugonjwa aliifananisha na mlio wa chumvi inapopashwa moto chomboni. Kila aliyepata kutupa chumvi katika kikaango cha moto aujua mlio huo, pata-pata-pata, mdogo na mkavu. Sauti nyingine ni kama mluzi mwembamba, nayo husikika mara nyingi kwa mwenye pumu. Mapafu mazima hayana mambo hayo. Sauti yao ni laini, kama upepo unaopita katika majani.

Lakini angalia: mwanzi hauna akili. Hupeleka sauti tu. Kujua sauti ile ina maana gani ni kazi ya sikio lililofundishwa kwa miaka mingi. Na watoto wengi wanaougua nimonia hawako karibu na sikio kama hilo.

HESABU ILIYOTOKA MILIMANI

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 daktari Frank Shann, raia wa Australia, alikuwa akifanya kazi Goroka, katika milima ya Papua New Guinea. Huko watoto walikufa kwa wingi kwa nimonia, na madaktari walikuwa wachache. Waliowahudumia watu vijijini walikuwa wahudumu wa afya waliofundishwa kwa muda mfupi. Yeye na wenzake wakatafuta dalili ambayo mtu wa namna hiyo angeweza kuiona pasipo stetoskopu wala picha ya eksirei. Wakaona kwamba dalili mbili zina nguvu. Ya kwanza ni mtoto kupumua upesi. Ya pili ni sehemu ya chini ya kifua kubonyea ndani kila mtoto anapovuta pumzi.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Mapafu ni kama sifongo yenye vifuko vingi vidogo vya hewa. Nimonia inapoingia, baadhi ya vifuko hujaa usaha na majimaji, hewa isipate nafasi. Mwili wataka hewa ile ile, lakini mahali pa kuipokelea pamepungua. Basi mtoto hulazimika kupumua mara nyingi zaidi ili afidie. Ni kama mama aliyezoea kuchota maji kwa debe, naye leo ana kopo tu. Kisima ni kile kile, lakini safari zimezidi.

Kutokana na kazi ya namna hiyo Shirika la Afya Duniani liliweka mipaka inayofuatwa na wahudumu wa afya katika nchi nyingi, za Afrika ya Mashariki zikiwamo. Nakuomba uikate sehemu hii ya gazeti uibandike ukutani:

Mtoto wa chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi katika dakika ni nyingi mno.

Mtoto wa miezi 2 mpaka 11: pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno.

Mtoto wa mwaka 1 mpaka kabla ya kutimiza miaka 5: pumzi 40 au zaidi ni nyingi mno.

UGUMU WA KUHESABU

Huenda utasema, kuhesabu mpaka hamsini ni kazi ya mtoto wa darasa la kwanza. Kweli, kuhesabu maembe ni rahisi, maana maembe hayaondoki. Pumzi ya mtoto mchanga haitulii hivyo. Mara huenda upesi, mara husita, mara huwa ndogo hata huioni. Mtoto hulia, hurusha miguu, hutaka kunyonya. Mhudumu naye ana watoto thelathini katika foleni, mlango unapigwa, na saa yake ya mkononi ina mshale mwembamba.

Kwa hiyo wengine hufupisha kazi. Huhesabu kwa sekunde 15, kisha huzidisha kwa nne. Tuifanye hesabu hiyo pamoja. Tuseme mtoto wa miaka miwili anapumua mara 38 katika dakika, yaani hajafika mpaka wa 40. Katika robo dakika atapumua mara tisa na nusu. Mhudumu akipata 9, mara nne ni 36, atasema mtoto hana neno. Akipata 10, mara nne ni 40, atasema mtoto ana nimonia. Mtoto ni yule yule, na kosa ni la nusu ya pumzi tu. Ndiyo maana sheria husema hesabu dakika nzima, sekunde zote 60. Na kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, ukipata 60 au zaidi, hesabu tena mara ya pili, kwa kuwa pumzi ya umri huo huendaenda na kusita hata mtoto akiwa mzima.

Ili kuwasaidia wahudumu, UNICEF limegawa kwa miaka mingi kisaa kidogo kinachotoa mlio dakika inapotimia. Kisaa hicho kinapima muda tu, na mtu mwenyewe hana budi kuhesabu. Ndipo likaja wazo la kutafuta chombo kitakachohesabu chenyewe. Kimoja ni mkanda unaofungwa kifuani mwa mtoto, wenye kihisi kinachofuata kupanda na kushuka kwa kifua. Mkanda wa namna hiyo umejaribiwa na wahudumu wa afya huko Ethiopia na Nepal. Namna nyingine ndiyo hii ya kutia vihisi ndani ya stetoskopu.

STETOSKOPU YENYE VIHISI

Ukiishika stetoskopu ya namna hii utaona kwamba kile kisahani kinachowekwa kifuani ni kinene kuliko cha zamani. Ndani yake mna maikrofoni ndogo, au kipande cha kitu ambacho kikibanwa hutoa umeme kidogo. Kifua kinapotikisika kwa sauti ya pumzi, umeme ule nao hupanda na kushuka. Nyingine zina pia kihisi cha mwendo, cha jamii ile ile iliyomo katika simu yako, inayofanya picha igeuke unapoilaza simu ubavu. Hicho hufuata jinsi kifua kinavyoinuka na kushuka.

Habari ya maikrofoni hizi ndogo yafaa ijulikane. Mwaka 1962, katika maabara ya Bell huko Marekani, wataalamu wawili walivumbua maikrofoni nyembamba isiyohitaji umeme mwingi. Mmoja alikuwa Gerhard Sessler, Mjerumani. Wa pili alikuwa James West, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Virginia mwaka 1931, wakati watu weusi wa huko walipokuwa wakibaguliwa kwa sheria. Maikrofoni za namna yao zilienea duniani, katika simu na vinasa sauti. Baada ya miaka mingi West alijiunga na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, na huko yeye na Mounya Elhilali na wenzao wakafanya kazi ya kutengeneza stetoskopu ya kusikiliza mapafu ya watoto mahali penye makelele.

Makelele ndiyo adui mkubwa. Zahanati si mahali pa kimya: watoto wanalia, mabati yanapigwa na mvua, watu wanaongea. Hila iliyotumika ni kutia maikrofoni ya pili inayotazama nje. Ya ndani husikia kifua pamoja na makelele, na ya nje husikia makelele. Kompyuta ndogo iliyomo ndani hutoa haya katika yale, kama hesabu ya kutoa, na kinachobaki ni sauti ya kifua.

Kazi haijaisha. Moyo nao upo, wapiga hapo hapo, tena upesi kuliko pumzi. Lakini sauti ya moyo ni nzito, kama ngoma, na sauti ya pumzi ni nyembamba zaidi, kama upepo. Chombo huzipambanua kwa uzito na wembamba wake, kama mwalimu wa kwaya anavyosikia besi na soprano katika wimbo mmoja. Kisha hutazama jinsi sauti ya pumzi inavyokua na kufifia. Mtoto anapovuta hewa ndani sauti huwa na nguvu zaidi, anapoitoa hupungua. Kukua na kufifia mara moja ni pumzi moja. Chombo huhesabu hivyo, huangalia kama mwendo ni sawa au wa kusitasita, na huandika hesabu yake mahali pa kusomea.

CHOMBO NACHO HUJIFUNZA

Baadhi ya vyombo hivi havihesabu tu, bali vyajaribu pia kutambua mlio wa chumvi na mlio wa mluzi. Huvijuaje? Hufundishwa, karibu kama mwanafunzi anavyofundishwa. Kompyuta hupewa maelfu ya sauti zilizorekodiwa, na kila sauti huwa imeandikwa na madaktari: hii ni nzima, hii ina ugonjwa. Baada ya mifano mingi huanza kutambua yenyewe sauti ambayo haijapata kuisikia.

Hapo ndipo penye jambo la kutuhusu sisi. Mwanafunzi hujua kile alichofundishwa. Chombo kilichofundishwa kwa vifua vya watu wazima tu, katika chumba kimya cha hospitali kubwa, hakiwezi kutegemewa kumjua mtoto wa miezi sita anayelia katika zahanati yenye bati. Kwa hiyo ni jambo la maana kwamba watoto wetu pia wamesikilizwa. Kati ya mwaka 2011 na 2014 ulifanywa uchunguzi mkubwa wa nimonia ya watoto katika nchi saba za Afrika na Asia, na Kilifi, pwani ya Kenya, palikuwa mahali pamoja pa kazi hiyo. Katika uchunguzi huo vifua vya watoto vilirekodiwa kwa stetoskopu za umeme, na madaktari wakasikiliza sauti hizo baadaye, wakiwa mbali na mgonjwa.

Na ilionekana nini? Ilionekana kwamba hata madaktari waliozoea, wakisikiliza sauti zile zile, hawakupatana kila mara. Tusiwacheke. Jambo hilo laonyesha tu kwamba sikio la binadamu lina mipaka, na ndiyo sababu chombo kisichochoka kinatafutwa.

MAMBO AMBAYO CHOMBO HAKIWEZI

Hata hivyo, msomaji, tusikitukuze chombo kupita kiasi. Mkono wa mhudumu ukiteleza juu ya ngozi, kihisi husikia mkwaruzo na huweza kuudhani ugonjwa. Mtoto akilia kwa nguvu, hesabu huharibika. Betri ikiisha pasipo umeme wa kuichaji, chombo cha bei kubwa huwa sawa na jiwe. Na kikiharibika, fundi wake hayupo sokoni kama fundi wa baiskeli.

Tena pumzi za upesi si nimonia kila mara. Mtoto mwenye homa kali hupumua upesi. Mwenye malaria kali au upungufu wa damu huweza kupumua upesi. Mwenye pumu vivyo hivyo. Chombo huweza kusema pumzi ni 56, lakini hakijui kama mtoto amelala katika chandarua, wala kama amekataa kunyonya tangu asubuhi. Hayo huulizwa mama na mtu aliye na akili na huruma.

Zaidi ya hayo, hakuna kihisi kinachoweza kumpima mtoto ambaye hakuletwa. Ndiyo maana nasema kwamba chombo cha kwanza cha kupima pumzi kimo nyumbani mwako, nacho ni macho yako.

WEWE MZAZI UFANYE NINI

Kwanza, jifunze pumzi ya mtoto wako angali mzima. Ngoja atulie, asiwe analia wala ananyonya. Usingizi wafaa sana. Inua nguo yake uone tumbo na kifua. Kuinuka na kushuka mara moja ni pumzi moja. Mtu wa pili ashike saa au simu, aseme "anza", na dakika ikitimia aseme "basi". Ukiwa peke yako, weka simu ilie baada ya dakika moja, wewe usiondoe macho tumboni. Fanya hivyo siku mbili tatu, nawe utaujua mwendo wake wa kawaida.

Pili, mtoto akishikwa na kikohozi au akipumua kwa shida, hesabu dakika nzima. Ukiona pumzi zimefika ule mpaka wa umri wake, mpeleke zahanati siku ile ile. Usingoje kesho, wala usimpe vidonge vilivyobaki vya ndugu yake.

Tatu, zipo dalili ambazo hazingoji hesabu yo yote. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akikoroma au kuguna kwa kila pumzi, mianzi ya pua ikitanuka, midomo ikigeuka rangi ya buluu au kijivu, akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipatwa na degedege, au akilegea na kuwa mgumu kuamka, mkimbize hospitali mara moja, ijapokuwa ni usiku.

Nne, ukifika huko, sema hesabu yako: "Nimehesabu pumzi zake dakika nzima, nimepata hamsini na nne." Mhudumu atahesabu tena, na afanye hivyo. Lakini ameanza kazi akiwa na habari iliyo wazi, si maneno "anapumua vibaya" tu. Na ukiona mhudumu amemwangalia mtoto mwenye kikohozi pasipo kuinua nguo yake wala kutazama saa, mwombe kwa adabu amhesabie pumzi. Hiyo ni haki ya mtoto.

Tano, usiache chanjo. Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya vijidudu vya pneumokoka, ambavyo ni chanzo kikubwa cha nimonia, mwaka 2011, na Tanzania ilifuata karibu na mwanzo wa 2013. Angalia kadi ya mtoto kama amepata zote. Na moshi wa jiko usimkalie mtoto kifuani: kama wapikia kuni au mkaa, mweke mbali na jiko, na dirisha liwe wazi.

Stetoskopu yenye vihisi huenda ikafika katika zahanati yako, huenda isifike upesi. Ikija, tuipokee kwa furaha na kujifunza kuitumia. Lakini homa ya mapafu haingoji mizigo ishuke bandarini. Huenda ikaingia nyumbani usiku huu. Basi leo jioni, mtoto akisha kulala, kaa kando ya kitanda chake na saa mkononi, umhesabie dakika moja tu. Uiandike hesabu hiyo nyuma ya kadi yake ya kliniki pamoja na tarehe, na umfundishe yaya na bibi yake nao waweze kufanya hivyo siku ambayo wewe hupo.